Stelingi ya Celsior za Mwanzo: Kasoro za Kumaliza Kabla Gari Halijapanda Meli

Toyota Celsior za mwanzo, zile zilizotoka kiwanda cha Tahara kuanzia 1989 mpaka umbo lilipobadilika 1994, zina kesi moja inayojirudia. Stelingi inakuwa nzito au inavuja, fundi anatazama mara moja na kusema reki, ile sehemu inayopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu, imekufa. Reki inabadilishwa kwa pesa nyingi, na baada ya muda mfupi usukani unarudia ubishi wake uleule. Mimi nasema hivi: kwenye gari hili, reki iwe kitu cha mwisho kukishuku. Anza na oili, kisha kichujio kidogo ambacho wengi hawajui kama kipo, kisha valvu ya hewa iliyo nyuma ya pampu. Vitatu hivyo vikiwa safi na bado gari linasumbua, ndipo tuzungumze habari za reki.

Yote haya yanahusu pia Lexus LS 400 ya miaka hiyo, maana ni gari lilelile chini ya nembo nyingine, lenye injini ileile ya 1UZ-FE ya lita 4.

Kwa nini kazi ifanyike Japani na si baada ya gari kufika? Kwanza, gari linalosafiri kwa meli ya RoRo huingizwa melini kwa kuendeshwa, na linalodondosha oili linaweza kuachwa bandarini. Pili, vipuri vya gari hili bado vinapatikana huko, vipya na vilivyotumika. Tatu, hesabu ya nyumbani ni kali. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, Uganda imefunga mlango kwa yaliyozidi 15, kwa hiyo Celsior ya kizazi hiki ikija kwetu huja Tanzania, na hapo unalilipia ushuru wa uchakavu. Mtu aliyekwisha kulipa ushuru huo hataki tena kuzunguka Gerezani na Shaurimoyo za Dar es Salaam akiulizia pampu ya stelingi ya 1UZ.

Kabla ya kushika spana

Usidanganywe na injini inayong'aa. Yadi nyingi huosha injini kabla ya kupiga picha, na mahali palipooshwa jana hapana ushahidi wowote. Endesha gari angalau dakika 20, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto mara kadhaa, kisha liegeshe juu ya boksi safi la karatasi mpaka asubuhi. Boksi hilo litakuambia mengi kuliko muuzaji.

Soma pia karatasi ya mnada, yaani ripoti ya hali ya gari, kwa makini. Wakaguzi wa Kijapani hutofautisha oili inayovuja na oili inayotoka jasho tu. Jasho kwenye gari la umri huu nalikubali. Kuvuja sikubali mpaka nijue kunatoka wapi.

Sasa fungua kopo la oili ya stelingi. Gari hili linatumia ATF, yaani oili ya gia otomatiki, ile ya Dexron II au III, na rangi yake ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imekaa humo miaka mingi. Ikiwa na rangi ya waridi iliyofifia na mapovu, kuna hewa ndani. Ikiwa haina rangi ya kueleweka na inanata vidoleni, kuna mtu aliweka dawa ya kuzuia kuvuja. Dawa hizo nazichukia kwa dhati. Zinavimbisha sili kwa miezi michache, halafu sili hizo zinalainika na kumeguka, na vipande vyake vinakwenda kuziba kichujio nitakachokieleza hapa chini. Oili ya breki ndiyo balaa kubwa zaidi: ikiingia humu, hesabu kwamba kila mpira wa mfumo umekwisha.

Kipimo kimoja cha bure: injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, weka alama pale oili ilipofikia kwenye kopo. Zima injini. Oili ikipanda zaidi ya milimita 5, mfumo una hewa.

Usukani ni mzito

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo twende taratibu.

Tazama matairi kwanza. Celsior ndilo gari pendwa la vijana wa Japani wanaoshusha magari chini na kuyavalisha rimu za inchi 19 na zaidi, huku magurudumu yameinamia ndani. Gari la namna hiyo litakuwa zito kwenye maegesho hata kama kila kitu ni kipya. Rimu za kiwandani zilikuwa inchi 15, na baada ya mabadiliko ya 1992 kukaja za inchi 16. Muulize muuzaji kama anazo, zivalishe, jaza upepo, ujaribu tena. Nusu ya malalamiko huishia hapo.

Kisha inua magurudumu ya mbele kwa jeki, weka stendi, injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani kwa mkono. Uende bila kukwama. Ukiona unakuwa mzito, mwepesi, mzito, mwepesi ndani ya mzunguko mmoja, basi ni jointi ya shafti ya usukani iliyoshika kutu. Hiyo haina uhusiano wowote na pampu wala reki. Ukizunguka vizuri mpaka mwisho pande zote mbili, kasoro iko upande wa oili.

Shusha gari, washa injini, mwambie mtu apandishe mzunguko wa injini mpaka kama 1,500 kwa dakika huku wewe unakata usukani gari likiwa limesimama. Ukiwa mwepesi papo hapo, pampu haitoi nguvu ya kutosha injini ikiwa chini: ama mkanda unateleza, ama oili imepungua, ama pampu yenyewe imechoka. Mkanda ni rahisi kuujua, kwa sababu ni mmoja unaozungusha pampu na altaneta pamoja. Ukiteleza utasikia mlio, na mara nyingi chaji ya betri nayo itayumba. Ukiwa umelowa oili, usiupanguse ukaendelea nao. Badilisha, baada ya kuziba kinachovuja.

Usukani ukibaki mzito hata mzunguko ukipanda, nenda kwenye kichujio.

Stelingi ya Celsior hubadilika uzito kulingana na mwendo: nyepesi ukiegesha, nzito kidogo ukiwa barabara kuu ili gari litulie. Kazi hiyo hufanywa na valvu ya solenoidi iliyofungwa kwenye reki, inayopokea umeme kutoka kwenye kompyuta, na kompyuta hupata habari ya mwendo kutoka kwenye sensa ya spidi. Gari likisimama, umeme mwingi unakwenda kwenye solenoidi na usukani unakuwa mwepesi. Umeme ukikatika, usukani unabaki mzito muda wote kama vile uko kasi ya 120.

Kwa hiyo jaribio ni hili: gari limesimama, injini inaunguruma, chomoa soketi ya solenoidi. Usukani ukizidi kuwa mzito, umeme ulikuwa unafika na solenoidi inaitika. Usipobadilika kabisa, kagua fyuzi, kagua waya, kisha pima solenoidi kwa mita. Inatakiwa isome omu chache tu. Isiposoma kitu, koili imekatika. Kama spidomita nayo inachezacheza, umeshapata dokezo kwamba kisa kinaanzia kwenye sensa ya spidi.

Umeme ukiwa mzima, chomoa solenoidi yenyewe. Weka chombo chini, oili itatoka. Kwenye mdomo wake utaona wavu mwembamba sana, na huo ndio kichujio chenyewe. Kwenye gari ambalo oili haijawahi kubadilishwa, wavu huo huwa umefunikwa na utando mweusi kama masizi yaliyolowa: ni mpira wa hosi za zamani na sili zilizosagika. Ukiugusa kwa kidole unaacha mstari safi. Usiuchokonoe kwa waya, utautoboa. Uloweke kwenye petroli au dawa ya kusafishia breki, upulize kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, rudia mpaka uone mwanga unapita sawasawa. Weka oringi mpya, mwaga oili yote ya zamani, jaza mpya. Kazi ya mchana mmoja, na imeokoa reki nyingi zilizokuwa zinakwenda kutupwa.

Oili inapungua, chini hakuna hata tone, na moshi mweupe unatoka nyuma

Hili ndilo tatizo ninalolipenda kuliko yote, maana hushusha bei ya gari isivyo haki. Mnunuzi anaona moshi, anadhani ringi za pistoni zimekwisha au gasketi ya kichwa imeungua, anakimbia.

Nyuma ya pampu kuna valvu ndogo ya hewa yenye mipira miwili ya vakyumu. Kazi yake ni kuiongezea injini hewa kidogo pale unapokata usukani mpaka mwisho, ili injini isidondoke na kuzima. Ikichakaa ndani, vakyumu ya injini inaanza kunyonya oili ya stelingi kupitia mpira huo, na oili inaungua pamoja na petroli. Moshi wake ni mweupe wenye ubuluu kidogo, na huongezeka unapokata kona kali au unapoegesha.

Uthibitisho wake ni mpira wenyewe. Chomoa ule unaokwenda kwenye njia ya hewa ya injini, uchungulie. Ukiwa mkavu, tafuta sababu nyingine ya moshi. Ukiwa na oili nyekundu ndani, umemaliza uchunguzi. Ziba pande zote mbili kwa vizibo vya mpira vyenye klempu na uendeshe gari. Moshi hautakoma siku hiyohiyo, kwa sababu kuna oili iliyobaki imekaa ndani ya njia ya hewa na itaendelea kuungua kidogokidogo. Cha kuangalia ni kopo: oili isipungue tena.

Wengine huacha vizibo hivyo moja kwa moja. Gari huishi nayo vizuri, isipokuwa injini hushuka kidogo ukikata usukani mpaka mwisho. Mimi nafunga valvu mpya kama inapatikana kwa wakati, lakini meli ikiwa karibu kuondoka sioni aibu kuacha vizibo, mradi mwenye gari ameambiwa kwa maandishi.

Oili inadondoka

Altaneta ya gari hili imekaa chini ya pampu. Sijui mhandisi alifikiria nini, kwenye gari ambalo Toyota ililijengea magari ya majaribio 450 kabla ya kuliuza. Pampu ikivuja, oili inaingia kwenye altaneta, inalowesha makaa na vumbi lake, na siku moja taa ya betri inawaka. Kwa hiyo ukikuta gari lenye pampu iliyolowa, pima chaji kabla hujakubaliana bei. Injini ikiunguruma, mita isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikicheza chini ya hapo, hesabu altaneta nayo kwenye gharama.

Futa kila kitu kikauke, washa injini, uchunguze kwa tochi ukianzia juu kushuka chini. Oili huanguka na hupeperushwa na feni, hivyo palipolowa zaidi sipo panapovuja. Mahali pa kwanza ni pale kopo linapoungana na pampu: oringi yake hukauka na kuwa ngumu kama plastiki. Ni kitu cha bei ndogo kabisa. Pili ni hosi ya kurudishia oili, ambayo klempu zake hulegea. Kata ncha iliyokufa kama urefu unaruhusu, au weka hosi mpya ya kuhimili oili. Hosi ya maji ya kawaida haifai, itayeyuka. Tatu ni washa za bolti ya hosi ya presha. Kila ukiifungua, weka mpya.

Nne ni sili ya shafti ya pampu, nyuma ya puli. Hapa pampu inatoka nje. Kabla ya kununua seti ya sili, shika shafti na uitikise. Ikicheza, bushi imelika, na sili mpya haitadumu; tafuta pampu iliyofanyiwa upya, zile ambazo unarudisha ya zamani unapochukua. Isipocheza, ifungue mezani penye usafi. Ndani kuna rota yenye vijibamba vyembamba vinavyoteleza kwenye mifereji yake. Kila kijibamba kina upande wa mviringo na upande bapa, na ule wa mviringo lazima utazame nje. Ukivirudisha kinyume, pampu itakusanyika vizuri kabisa, haitavuja, na haitasukuma oili inavyotakiwa. Piga picha kabla ya kuvitoa.

Kuhusu reki: minya vile vipira vilivyojikunja kwenye ncha zake mbili. Vikiwa na hewa tu, reki ni nzima, hata kama nje imelowa, kwa kuwa oili hiyo inatoka juu. Ukisikia oili inachezacheza ndani ya kipira, au ukilegeza klempu ikachuruzika, sili za reki zimekwisha, na sasa ndiyo ibadilishwe. Kama gari lina airbag, funga usukani usizunguke wakati reki iko nje, la sivyo utakata ule waya wa kujikunja ulio nyuma ya usukani.

Unalia ukikata kona

Mlio wa kuguguma ni hewa au oili pungufu. Baada ya kazi yoyote hapo juu hewa itakuwa imeingia, na wengi huitoa kwa haraka. Inua mbele, injini ikiwa imezimwa, jaza kopo, zungusha usukani polepole mpaka mwisho pande zote, ongeza oili, rudia mpaka mapovu yaache kutoka. Ndipo uwashe injini na kurudia taratibu. Usishikilie usukani mwishoni kwa zaidi ya sekunde 10, pampu inapata joto kali. Malizia kwa kile kipimo cha milimita 5.

Usukani unacheza, unagonga au unatetemeka

Injini ikiunguruma, magurudumu yamenyooka, sogeza ukingo wa usukani kwa vidole viwili mpaka uone tairi linataka kusogea. Mwisho wa kuvumilia ni milimita 30. Ukizidi, mtu mmoja atikise usukani na mwingine alale chini atazame. Ukiona nyumba ya reki yenyewe inasogea kushoto na kulia, ni bushi zake, ambazo kwenye gari lililovuja muda mrefu huwa zimelainishwa na oili. Ndiyo maana kuvuja humalizwa kwanza, bushi baadaye. Tairodi endi na bolijointi zikaguliwe hapohapo. Bolijointi ya chini yenye mchezo usiisafirishe hata kama gari linakwenda sawa, maana ikichomoka gurudumu linalala.

Kutetemeka kwa kasi ya 90 hadi 110 bila breki huwa ni matairi yaliyokaa yadi muda mrefu au balansi. Kukitokea ukishika breki tu, tazama diski, kisha bushi za zile fimbo zinazoshikilia mkono wa chini kwa mbele.

Gari likivuta upande, peleka likapimwe alaimenti, yaani mkao wa magurudumu. Karibu na vituo vya ukaguzi wa serikali Japani kuna gereji ndogo za kupimia, na kipimo cha ukaguzi chenyewe hakiruhusu tairi kuteleza pembeni zaidi ya milimita 5 kwa kila mita 1. Angalizo moja kwa wenye Celsior ya daraja la C, yenye mifuko ya hewa badala ya springi: alaimenti ifanywe gari likiwa kwenye kimo chake sahihi. Likiwa limelala kona moja kwa sababu ya mfuko unaovuja, vipimo vyote utakavyopewa ni vya bure.

Kuna anayeuliza kuhusu LS mpya zaidi ambazo usukani ulikuwa haurudi katikati mara moja baada ya kona kali. Hilo ni jambo jingine kabisa, la mfumo wa umeme unaobadilisha uwiano wa usukani, na Toyota ilizirudisha gereji mwaka 2010. Kwa hizo, dai uthibitisho kwamba kazi ilifanyika; spana haitasaidia.

Usukani haupandi wala haushuki

Mota inayosogeza usukani hukaukiwa grisi na gia zake hulika. Si kasoro ya usalama gari likitembea, lakini ina hatari yake bandarini: ufunguo ukitolewa usukani hujipandisha wenyewe, na mota iliyochoka inaweza kushindwa kuurudisha. Ukiisikia inajivuta, zima kitufe cha kujipandisha, acha usukani kwenye kimo cha kuendeshea, na uandike kwenye karatasi ya gari kwamba kitufe hicho kisiguswe mpaka Dar es Salaam.